HESABU YA MWAKA MGUMU

(Maneno haya yalisomwa na mwenzetu mmoja, mwenye duka, mbele ya wanachama wa tawi waliokutana baada ya sala ya Isha kuuaga mwaka. Tumeyachapisha yote kama alivyoyasoma.)



Twaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka hali tu wazima, na twamuombea rehema kila mwenzetu ambaye wakati kama huu mwaka uliopita alikuwa amekaa pamoja nasi na leo hayupo.

Tumetakiwa tuseme maneno machache juu ya mwaka mgumu na matumaini ya mwaka mwema. Jambo hili aghlabu hupewa mwanasiasa alisemee, naye hulijaza ahadi. Sisi tu watu wa duka. Elimu yetu ni ile tuliyoipata chuoni kwa mwalimu, juu ya mkeka, na ile tuliyofunzwa na mizani na daftari. Basi tutasema kama wasemavyo wenye duka, na atakayeona kuwa maneno yetu hayana uzani atusamehe.

Mwenye duka hafungi mwaka kwa nyimbo. Hufunga mlango, akawasha taa, akahesabu. Huhesabu kilichouzwa, huhesabu kilichokopeshwa, kisha huhesabu kilichooza ndani ya gunia. Hesabu hii ya tatu ndiyo iumayo, na mwenye duka mvivu huiruka, akajidanganya nafsi yake kwamba gunia lililoliwa na panya lingali mali yake. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Nasi chuoni, tungali wadogo, tulihifadhi sura fupi ya Al-Asr, ambayo ndani yake Mola anaapa kwa wakati, na humo mna khabari ya khasara ya mwanaadamu. Tulipokua tukaingia dukani ndipo tulipotambua kwamba neno lile la sura na neno hili la khasara tuliandikalo daftarini ni la asili moja. Wakati ni rasilimali. Ukipita bure umekwisha ingia katika fungu la khasara, na hapana awezaye kuurudisha.

Mwaka tunaoufunga usiku huu kila mmoja wetu anajua ulivyompitia, nyumbani kwake na mfukoni mwake. Hatutauhesabu sasa, kwani deni bichi lina kelele nyingi na mtu hawezi kulisoma bila ya hamaki. Tutafungua daftari la zamani ambalo wino wake umekauka. Nalo ni daftari la mwaka 2009 na la miaka iliyoufuata. Tumelichagua kwa sababu ndani yake mna mwaka mgumu kabisa, mna matumaini makubwa kabisa, na mna khasara moja ambayo mpaka leo wengi wetu tunairuka tunapohesabu.

Wakumbuke wazee na wasikie vijana. Mwaka 2009 uliingia na mzigo wa miaka mingi. Ulikuwapo Muafaka wa kwanza wa mwaka 1999, nao haukudumu. Ikaja Januari 2001, watu wakapigwa risasi Pemba na Unguja, na zaidi ya watu elfu mbili wakakimbilia Shimoni katika nchi ya Kenya, watu wetu wakaitwa wakimbizi. Ukaja Muafaka wa pili, Oktoba 2001, nao tukautumainia. Kisha yakaja mazungumzo mengine, nayo yakavunjika mwaka 2008. Kwa hivyo mtu alipotamka neno la suluhu mwaka 2009, wasikilizaji walitazama pembeni, kama atazamwavyo mteja aliyekwisha kopa mara tatu bila ya kulipa. Na kule Pemba mwaka ule uandikishaji wa wapiga kura uliingia fitina kwa sababu ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ukasimamishwa kwa muda, na vijiji vikajaa askari na khofu.

Ilipofika tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, mjini Unguja. Walikaa, wakazungumza, wakatoka wakiwa wamekubaliana kuzika uhasama. Siku mbili baadaye Maalim Seif alisimama mbele ya wafuasi wake kuwaambia aliyoyakubali, na wako miongoni mwao waliomnung'unikia wazi wazi, kwani walitazamia maneno mengine. Alisema alivyosema. Twalitaja hili makusudi, kwa sababu kumkemea hasimu ni kazi nyepesi, ama kuwaambia watu wako jambo wasilotaka kulisikia ni kazi nzito, na ndiyo kazi ya kiongozi.

Basi watu walikuwa bado wanalitafuna jambo lile, mara tarehe 10 Disemba 2009 taa zikazimika Unguja nzima. Umeme wa Unguja ulikuwa ukitoka Bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, uliokuwa ukitumika tangu mwaka 1980. Mwaka 2008, mwezi wa Mei, waya huo ulitutia gizani kiasi cha mwezi mmoja, na baada ya hapo watu walisema, alhamdulillahi, yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi mwanzoni mwa Machi 2010. Pemba wakati ule haikuwa imeunganishwa na Bara, ilikuwa ikienda kwa mitambo yake ya dizeli, nao ndugu zetu wa Pemba, waliozoea kuhesabiwa nyuma katika kila jambo, wakawa na taa hali Unguja iko gizani. Waya wao wa kutoka Tanga ulifika mwaka ule ule wa 2010.

Hebu tufanye hesabu ya giza lile, fungu kwa fungu, kama ifaavyo.

Kwanza maji. Mifereji ilikauka, kwani maji ya Unguja yanavutwa kwa pampu, na pampu zataka umeme. Mama zetu na watoto wa kike walirudi kwenye visima walivyovisahau, na madumu ya maji yakawa yauzwa mitaani kwa mikokoteni. Asiyekuwa na kisima wala fedha alikunja nguo chafu akangojea mvua. Pili chakula. Samaki asiyeuzwa siku ile alitupwa, kwani hapakuwa na barafu, na mvuvi aliyekwenda baharini usiku kucha alirudi pwani akauza kwa bei ya kuomba. Tatu kazi. Mafundi cherehani waliokuwa wakitumia mashine za umeme, mafundi wa kuchomea vyuma, wasaga nafaka, vinyozi, wote walikaa barazani. Mahoteli makubwa yalikuwa na majenereta yao, yakanguruma usiku na mchana, nayo mafuta ya kuyaendesha yakala faida yote. Mwenye duka dogo aliuza kwa kandili, akauza mishumaa na mafuta ya taa, na watu wakadhani anatajirika. Hakutajirika. Aliyenunua mshumaa alikuwa anaacha kununua sukari, kwani mfuko ni ule ule mmoja.

Hilo ndilo fungu la khasara, na halikuwa dogo. Lakini mwenye daftari mwaminifu huandika kurasa zote mbili, na ukurasa wa pili nao una maneno.

Katika miezi ile mitatu milango ilikuwa wazi. Nyumba yenye kisima haikuuliza mchota maji ni wa chama gani. Aliyekuwa na jenereta alimchajia jirani simu yake. Watu waliokuwa wakikaa ndani na televisheni zao walitoka barazani kutafuta upepo, wakajikuta wamekaa bega kwa bega na mtu ambaye kwa miaka walikuwa wakipishana naye kwa kutazama chini. Na mtu akikaa na mwenziwe gizani, asiione rangi ya fulana yake wala bendera iliyo juu ya paa lake, husikia sauti tu, na ile sauti ni ya mtu aliyecheza naye utotoni.

Mwaka wa Kiislamu wa 1431 uliandama katikati ya Disemba ile, ukatukuta gizani. Mwaka wa Miladi wa 2010 ukaingia Januari mosi, ukatukuta gizani. Na mwishoni mwa Januari, mji ukiwa bado hauna taa, Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kutaka iundwe Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na watu waulizwe kwa kura kama wanaitaka. Hoja ililetwa na upande wa upinzani, na upande wa serikali ukaikubali. Taa zikarudi Machi. Mwezi wa Julai ukaja Mwaka wetu wa tatu, ule wa Nairuzi tunaouogea Makunduchi, ambao wakulima na wavuvi wetu waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, tangu zama za kale. Na tarehe 31 Julai 2010 watu wakapiga kura ya maoni, na katika kila watu watatu waliopiga kura ile, kiasi cha wawili walisema ndiyo. Kwa hesabu kamili, walisema ndiyo watu 66.4 katika kila mia. Uchaguzi ulifanywa Oktoba mwaka huo, tofauti ya waliogombea urais ilikuwa kura moja tu katika kila mia, na juu ya hivyo siku zile zilipita kwa amani, na Maalim Seif akala kiapo kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Hatusemi kwamba giza ndilo lililoleta maridhiano. Hiyo itakuwa hesabu ya uongo, kwani viongozi walikutana mwezi mmoja na zaidi kabla ya taa kuzimika. Twasema neno jingine. Twasema kwamba mwaka ambao kila mtu aliuita mgumu, kwa kuwa haukuwa na maji wala taa wala faida, ndio mwaka ambao watu wa visiwa hivi walijuana tena. Na baadaye ilikuja miaka yenye taa na maji na watalii wengi, nayo ikawa ndiyo miaka ya kupotezana. Basi ugumu wa mwaka una vipimo viwili. Kiko kipimo cha kilichopungua nyumbani, na kiko kipimo cha nani aliyepungua mlangoni. Sisi kila mwaka twapima kwa kile cha kwanza tu, tukakiacha cha pili, ndipo hesabu zetu zikawa hazikai.

Itazameni miaka iliyofuata. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikapotea na mamia ya watu. Asubuhi ile hapana aliyesimama ufukweni kuuliza maiti alikuwa na kadi gani. Kila aliyekuwa na chombo aliingia baharini, kila aliyekuwa na shuka aliitoa. Hayo yalikuwa matunda ya maridhiano na ya utu wetu wa asili, kwa pamoja.

Kisha ukaja mwaka 2015. Uchaguzi ulipigwa tarehe 25 Oktoba. Tarehe 28 Oktoba, kabla ya kutangazwa matokeo yote, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa. Tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa, na chama kikuu cha upinzani kikakataa kushiriki. Serikali ya Umoja ikafa. Hatuna haja ya kuongeza chumvi katika maneno haya, kwani tarehe zenyewe zatosha. Lakini lililofuata mitaani na vijijini, khasa Pemba, ndilo tulilokuja kulisema usiku huu.

Watu walisusiana. Mtu wa chama hiki hakununua dukani kwa mtu wa chama kile. Gari ya abiria ilipita tupu mbele ya watu waliosimama juani, kwa kuwa mwenye gari alikuwa wa upande mwingine. Harusi zilifanywa na nusu ya jamaa. Na jambo zito kuliko yote, wako waliofiwa wakakosa wa kuwachukulia jeneza kutoka nyumba ya pili, nyumba ambayo mashungi yake yalikaushwa kwenye kamba moja na yao.

Vijana wetu huenda wakadhani kuwa jambo hili lilizaliwa mwaka 2016. La. Lina umri mkubwa kuliko sisi tuliomo humu. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama, ule wa Julai 1957, visiwa hivi viliingia katika kususiana kwa namna hii hii. Mabasi yalisusiwa, maduka yalisusiwa, wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu ya watu walifukuzwa mashambani, na watu wakagawana hata maziko. Ilibidi viongozi wa nchi jirani wawakutanishe wakubwa wa vyama vyetu kutafuta suluhu, ikapatikana kwa muda mfupi, ikavunjika. Na yaliyokuja baadaye, ya Juni 1961 na ya Januari 1964, hatuna nguvu ya kuyasimulia usiku huu. Twasema hivi tu: damu ile haikuanza na panga. Ilianza na mtu aliyepita mbele ya duka la jirani yake akaenda kununua chumvi mbali.

Sisi tu wenye duka, nasi jambo hili twalijua kwa ndani. Twawaomba mtusikilize tuwafanyie hesabu yake. Mtu akisusia duka la jirani, nani hupata khasara? Mwenye duka hupunguza mauzo, kweli. Lakini mtoto aliyetumwa sukari sasa huvuka barabara mbili badala ya kuvuka uchochoro mmoja. Mama aliyezoea kukopa mpaka mwisho wa mwezi, sasa yuko mbele ya mwenye duka asiyemjua, naye hamkopeshi. Mgonjwa akizidiwa usiku, mlango wa karibu wenye gari haugongwi. Na yule aliyefuta uchaguzi, au aliyeamrisha, au aliyenufaika, hakuwahi kununua chumvi katika duka lile wala hajui liliko. Basi risasi imelengwa juu, ikaanguka kichwani kwa maskini mwenzetu. Hii ni biashara ambayo gharama yake yote yabebwa nasi, na faida yake hatujaiona daftarini kwa zaidi ya miaka sitini.

Tumekwisha sikia jawabu la baadhi ya ndugu zetu, na jawabu lao tunaliheshimu kwani wengine wamelilipia kwa machozi. Wanasema, tukila nao na tukizikana nao, basi tumekubali tuliyodhulumiwa, na mwenye kudhulumu atadhani tumesahau. Nasi twajibu kwa mfano wa deni. Mtu akiwa na deni lako, humsamehe kwa kumwamkia asubuhi. Unamwamkia, unamuuliza khali ya watoto, kisha unamwambia, ndugu yangu, ile hesabu yangu bado naingojea. Mwenye duka anayewatukana wadeni wake njiani halipwi na yeyote, na yule anayekaa kimya kwa aibu halipwi vile vile. Hulipwa yule mwenye daftari safi na ulimi mzuri, asiyechoka kukumbusha. Haki ya kura yetu tutaidai, tena tutaidai kwa sauti, barazani, mahakamani, katika magazeti na katika sanduku la kura kila linapofunguliwa. Ama kumnyima mtoto wa jirani maji ya kisima, hakumpi mtu hata kura moja.

Tena mtu akituuliza, je, hayo yawezekana baada ya machungu yote yale, tutamwonyesha maziko. Uchaguzi wa Oktoba 2020 uliacha majonzi katika nyumba nyingi. Juu ya hivyo Disemba ya mwaka ule upinzani ulirudi katika Serikali ya Umoja, na Maalim Seif akawa tena Makamu wa Kwanza wa Rais. Hakukaa sana. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki dunia, akachukuliwa Pemba, akazikwa kwao Mtambwe. Na katika maziko yale walisimama watu wa vyama vyote, waliompigia kura na waliompinga maisha yao yote. Ikiwa watu waliweza kuchukuana vile nyuma ya jeneza la mkubwa, lini itakuwa muhali kuchukuana nyuma ya jeneza la mvuvi, au la bibi kizee muuza mboga?

Sasa tuseme juu ya matumaini, kwani hatukualikwa kuhesabu khasara tu.

Watu husema baada ya dhiki faraja, wakakaa wakaingojea faraja kama ingojewavyo meli. Sisi twaona msemo huu ni wa kweli, lakini haukusema kwamba faraja huja yenyewe hali mtu amelala. Kisiwa hiki kina ushahidi wake. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaivunja mikarafuu yake mingi kupita kiasi, mashamba yaliyokuwa utajiri wa nchi yakawa kuni. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Mkarafuu haulimwi leo ukachumwa kesho. Mtu hupanda mche, akapalilia, akangoja miaka saba au minane ndipo aone tunda la kwanza, na mti wenyewe hufikia nguvu zake wakati mpandaji amekwisha kuwa mzee. Aliyepanda mwaka ule, baina ya magogo yaliyolala chini, hakupanda kwa kuwa alikuwa na uhakika. Alipanda kwa kuwa asipopanda, uhakika ulikuwa mmoja tu, nao ni njaa. Na Pemba nao walipanda kwa wingi, kwani bei ilikuwa imepanda, hata kisiwa chao kikaipita Unguja kwa karafuu, na mpaka leo ndicho kisiwa cha karafuu. Hayo ndiyo matumaini. Ni mche uliotiwa ardhini na mtu aliyekwisha hesabu alichopoteza.

Basi ikiwa twataka mwaka ujao uwe mwema, twaleta mbele yenu mambo matatu, na yote matatu hayahitaji ruhusa ya serikali, wala fedha ya chama.

La kwanza, tuweke daftari la ukweli. Kila linalotendeka kinyume cha haki katika mtaa wetu liandikwe kwa siku yake, mahali pake na mashahidi wake, bila ya kuongezwa na bila ya kupunguzwa. Aliyepigwa kofi asiandikwe kuwa amevunjwa mkono. Deni lililoongezwa sifuri moja hulifanya daftari zima likataliwe, na siku ya kudai tukakosa hata kile kilicho halali yetu.

La pili, tusisusiane. Anayeuza kwa mizani ya haki anunuliwe, awe wa chama gani. Anayeumwa akatazamwe, anayeoza apelekewe mkono wa harusi, anayefiwa tuwe wa kwanza kufika mlangoni kwake kutoa taazia, khasa akiwa ni mtu wa upande wa pili. Akikataa kutupokea, hilo ni lake na Mola wake, sisi tumekwisha fika. Na akija kwetu siku ya msiba wetu, asikute mkeka umekunjwa.

La tatu, tuwafunze watoto. Mtoto hazaliwi akijua jirani ni wa chama gani. Huambiwa, tena huambiwa nyumbani, usiku, baina ya wali na mchuzi. Maneno yale yale tunayoyasema juu ya mkeka wa chakula ndiyo yatakayokuwa mitaani baada ya miaka ishirini. Tuwaambie ukweli wa 2001 na wa 2015, hatuwafichi, lakini tuwaambie pia visima vya mwaka 2009 na ufukwe wa Nungwi. Ukimrithisha mtoto ukurasa mmoja wa daftari umemrithisha deni asilojua kulidai.

Ndugu zetu, hatujui mwaka ujao umebeba nini. Bei huenda zikapanda na huenda zikashuka, mvua ya vuli huenda ikanyesha kwa wakati wake na huenda ikachelewa, na wakubwa huenda wakaelewana au wakakosana kama walivyofanya mara nyingi. Hayo hatuyamiliki. Tunachokimiliki ni mlango wa nyumba zetu na mkono wa kulia. Kabla mtu hajalala usiku huu, na ahesabu ni milango mingapi mtaani kwake ambayo zamani alikuwa akiigonga na sasa haigongi. Idadi ile ndiyo khasara yake ya kweli ya mwaka, nayo, kinyume cha wakati, yaweza kurudishwa. Asubuhi aanze na mlango mmoja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, awape subira waliodhulumiwa na hidaya waliodhulumu, azikunjue nyoyo za watu wa visiwa hivi, na aujaalie mwaka unaoingia uwe mwaka wa kheri, wa haki na wa ujirani mwema. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.